Jina Nililozaliwa Nalo Kule Tunda

Na kama jina langu lina maana mbaya? Swali hilo lilininyima usingizi tangu dada yangu mkubwa ajifungue binti kule Alunguli, ng'ambo ya mto, na kutuma habari kwamba mtoto ataitwa kama mimi. Kwetu Kindu, mwenye jina ndiye anayekuja na kitenge na sabuni, akampakata mtoto na kumwita sikioni. Mpaka siku hiyo mtoto huitwa Mugeni tu. Siku zikapita, nami sikuenda.

Nilimpendekezea dada majina mengine, mazuri, yenye maana iliyo wazi: Neema, Zawadi, Mapendo, Furaha. Aliyakataa yote kwa simu. Alisema akina Furaha wamejaa mtaani kwao, ukiita mmoja wanageuka wote. Kisha akanicheka: "Kumbe kule université walikufundisha kuogopa jina lako mwenyewe?"

Jina langu si la Kiswahili, wala si la lugha ya nyumbani kwetu. Ni la mwanamke wa kijiji cha Tunda. Wakati wa vita mama aliukimbia mji akiwa na mimba yangu, amemshika dada mkono, wakafuata reli, kisha njia za msituni, mpaka nyumbani kwa mtu wasiyemjua. Huko nilizaliwa. Kumbukumbu hiyo si yangu, lakini nimeishi ndani yake muda mrefu: moshi unapenya kwenye majani ya paa, mvua laini inanyesha, mwanamke anainama. Uso wake siuoni kamwe. Nikilitamka jina polepole, naona mikono tu.

Niliwauliza watu waliotoka upande huo. Muuza mboga mmoja sokoni alisema ni jina la mti wenye maua meupe. Mwendesha pikipiki akasema hapana, ni jina la mtoto aliyezaliwa baada ya msiba. Maua meupe yalinifurahisha asubuhi moja, msiba ukabaki. Nikamwona akilini mtoto wa dada amekua, ameulizwa na wenzake shuleni, anakuja kwangu kudai jibu.

Mwishowe nilimwendea mama, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Nikamuuliza yule mwanamke alimweleza maana gani alipompa jina lake.

Mchi ukasimama hewani. "Maana? Mimi sikumuuliza maana. Nilimuuliza kama maji ya moto iko."

"Akasemaje?"

"Alikuwa amekwisha kuyatia motoni."

Akatwanga kidogo, kisha, bila kuniangalia, akasema kwamba yule mama alikuwa na kitenge kimoja kizima, na ndicho alichonifunika nacho; yeye akabaki na kile kilichochakaa. Sikuwahi kulisikia hilo.

"Mugeni anangoja, mama," akaniambia. "Utaenda ao hautaenda?"

Siku iliyofuata nilinunua kitenge, na nilipovuka mto ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, ng'ambo haionekani, kana kwamba mtumbwi unaelekea mahali ambapo bado hapajakuwapo. Dada alinipokea mlangoni akisema mwenye jina ameona afadhali afike kabla mtoto hajaolewa. Akaniwekea binti mapajani.

Alikuwa na joto, ananukia maziwa. Nikamfunika kwa kitenge kipya, nikainama, nikamwita sikioni. Akapiga chafya. Nikamwita tena.