Njia Aliyosimama Baba Mkwe

Tusekile aliolewa Katumba, kando ya Mto Songwe, na kabla hata hajaonyeshwa jiko alifundishwa jambo moja: baba mkwe haonwi. Ukikutana naye njiani unachepuka, hata pawe na miiba, na jina lake hulitaji. Tusekile akalishika hilo mpaka wanawake wenzake wakamsifu.

Mwanawe wa kwanza, Ipyana, alikuwa na miaka minne walipokuja wawindaji wa watumwa. Ilikuwa mchana kweupe. Tusekile akamshika mtoto mkono, akatimua mbio kuelekea mtoni, ambako mitumbwi ilikuwa ikivusha watu. Hatua chache kabla ya kufika, baba mkwe alikuwa amesimama katikati ya njia na mkuki wake, akipiga kelele. Miguu ya Tusekile haikumwuliza mtu. Ilichepuka, ikaingia kwenye matete, akazama tope mpaka magotini, na mtoto akamponyoka. Mzee alipofika na mkuki, Ipyana alikwisha kuchukuliwa. Hakuonekana tena.

Hakuna aliyemlaumu. Angefanyaje, walisema, na mkwe yuko njiani? Kwa maneno hayo Tusekile aliweza kulala na kuamka miaka kumi na sita.

Ndipo akaja Mjerumani mmoja na sanduku la miguu mitatu, lenye mpini wa kuzungusha. Alisema linanasa watu wakiwa wanatembea, na kwao Ulaya wenzake hukaa gizani kuwatazama. Alitaka picha ya mwanamke anayekimbizwa na wawindaji wa watumwa, mambo aliyoyajua sana, kama wayajuavyo wote ambao hawajawahi kukimbizwa. Akamchagua Tusekile kwa urefu wake, akamweka mbali, mwanzo wa njia. Huku mtoni akamsimamisha njiani mzee mmoja, kwa kuwa alizipenda ndevu zake. Mzee huyo alikuwa baba mkwe wa Tusekile. Watu wakaguna, lakini nani angebishana na mgeni mwenye askari?

Tusekile akakimbia, vijana wawili nyuma yake wakipiga mayowe na kucheka. Alipomwona mzee, akachepuka na kuingia kwenye matete. Mjerumani akaachia mpini.

“Anasema umeharibu,” akatafsiri Yohana, mkalimani aliyetoka pwani. “Mtu anayeokoa roho yake haachi njia nzuri akaingia kwenye tope. Nani ataamini?”

Nani ataamini! Tusekile alitaka kumrarua.

Mzee alikuwa amegeuzia uso wake migombani. Akasema na Yohana, maana desturi haikumruhusu kusema na mkwewe.

“Mwambie huyo mama apite. Hata siku ile nilikuwa nikimpigia kelele apite. Nilisema, pita tu mwanangu, pita!”

Vijana wakaacha kucheka.

Wakarudia. Safari hii Tusekile alikimbia njia nzima, bega lake likagusana na la mzee, akatokea mtoni. Mjerumani akapiga makofi, akasema sasa ndiyo kweli yenyewe.

Tusekile hakumsikia. Alikuwa amesimama majini, akiutazama mkono wake mtupu.

“Kumbe ilikuwa inapitika,” alisema, kisha akaketi mle mle majini, akalia.