Sufuria ku Mulango Yangu

Leo bagonjwa yangu balinitoa ku kitanda na sufuria!

Sikieni.

Miaka ya tisini kampani ya migodi, kwenye Papa alikuwa anatumika, ilianguka, sirene ya kazi ikanyamaza. Papa akabakia kulala tu, mugongo inamuuma, doktere haoni kitu. Mama akashika sufuria. Kila asubui, saa ya sirene: kwang! kwang! "Papa, kazi!" Banatembea mupaka soko ya Kikula, mutaa yetu, banarudia.

Polepole Papa akasimama.

Ile sufuria njo ilinifundisha kazi yangu: kutembeza bantu benye roho nzito. Bananiitaka Mwalimu, na hadisi ya ile sufuria bote banaijua.

Sasa, juzi tulizika Mama. Leo miye njo nilishindwa kuamuka.

Kwang! kwang! ku mulango.

Mama Kapinga, mugonjwa yangu ule alikuwa hatoki mu nyumba yake, iko na bengine, anaita kwa nguvu: "Mwalimu! Kazi!"

Nilitembea na pijama. Kikula yote ilicheka. Miye pia!

Na weye, nani anakupigiaka sufuria?