Asili ya Yule Mwovu wa Meno ya Shaba

Mimi madarasa niliyosoma ni mawili tu, na la pili sikulimaliza kwa sababu ya funza miguuni, kwa hiyo anayetaka maneno yaliyopangwa kama matofali akatafute kwingine. Nitaeleza kama ninavyokumbuka. Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatutawala, vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha, na vijana waliokwenda kupigana Burma walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wengine na mablanketi, wengine na kikohozi. Kaka yangu alirudi na kitabu cha picha.

Ngoja kwanza niseme habari za kaka, maana bila yeye kitabu hakina maana. Kabla hajaenda jeshini aligombana na baba. Baba alitaka abaki achunge ng'ombe na kusaidia kahawa, yeye akasema amechoka kunuka samadi. Baba akainua fimbo, kaka akaidaka, akaivunja juu ya goti lake mbele ya watu. Kwetu Umeruni mtoto kuvunja fimbo ya baba yake ni kama kumwambia ufe. Aliondoka siku ileile bila baraka, na baba akatangaza kwamba hata akirudi na jani la isale atawarushia mbuzi walile.

Isale mnalijua, au labda ninyi wa mjini hamlijui. Ni lile jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya shamba. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea, kesi imekwisha. Na mtu aliyeletewa isale hakatai, hiyo ni sheria ya zamani kuliko kanisa. Kwa hiyo baba aliposema atalitupia mbuzi, hata mama, ambaye hakuwa mtu wa kulia ovyo, aliingia kwenye migomba akakaa huko mpaka ndizi zikaungua jikoni.

Basi kaka aliporudi hakuthubutu kuja nyumbani. Alipata kazi ya kupanda miti kule Olmotonyi, msituni. Mara mojamoja alikuja upande wetu wa Nkoaranga, akalala kwa mjomba, na Jumapili akanisubiri njiani nikitoka kanisani. Siku moja ndiyo akanipa kile kitabu. Alikipata kwa askari mmoja wa Kizungu, wakabadilishana na sigara.

“Mpelekee mama aangalie picha,” akaniambia. “Mwambie ni mimi.”

“Na baba nimwambieje?”

“Baba usimwambie chochote. Hana macho ya kuniona mimi, atakuwa na macho ya kuona karatasi?”

Kilikuwa cha Kiingereza, na nyumbani kwetu Kiingereza hakuna aliyekijua zaidi ya “kam hia”. Picha zilikuwa za rangi. Kulikuwa na kijana mmoja aliyevaa nguo za kubana kama ngozi ya nyoka, anaruka angani bila mabawa. Huyo mimi sikumpenda, alikuwa anatabasamu mno. Na kulikuwa na adui yake, mtu mrefu mwenye kipara kama kibuyu, koti mpaka visiginoni, na meno ya shaba mdomo mzima. Kila ukurasa anavunja kitu. Huyo ndiye tuliyempenda.

Msimu ule kahawa ilikuwa imeiva vizuri, na mchana tulikaa uani, mama na mimi na shangazi, tunachagua punje mbovu kwenye nyungo. Kazi hiyo inachosha macho na mdomo unabaki wazi, kwa hiyo nikawa nawasimulia. Kusoma siwezi, lakini picha nilikuwa nazo, na uongo nilikuwa nao wa kutosha. Nikasema Meno ya Shaba alifunga mifereji yote ya mlimani ili watu waje kumpigia magoti waombe maji. Shangazi akapiga makofi.

Baba alikuwa amekaa pembeni anachonga mpini wa jembe, ametugeuzia mgongo. Mara akauliza bila kugeuka, “Huyo ni wa ukoo gani?”

Tukatazamana. Mama akanikonyeza nijibu.

“Wa ukoo wa wahunzi, baba.”

“Ndiyo maana ana shaba.” Akaendelea kuchonga. Halafu: “Na kwa nini amefunga maji? Mtu haamki tu asubuhi akafunga maji ya watu. Hata mwehu ana sababu yake.”

Hapo nilikamatwa, kwa sababu kwangu mimi alikuwa mbaya tu, basi. Ikabidi nimtengenezee utoto. Kila siku baba aliuliza swali moja, na kila siku niliongeza kipande. Nikasema meno yake ya kwanza yaling'oka alipokuwa mdogo kwa kula ndizi ya kuchoma ikiwa bado ina moto, watoto wenzake wakamcheka, ndipo akajifulia mengine mwenyewe. Shangazi akasema huo ni uongo, shaba haikai kwenye fizi. Mama akamwambia, “Wewe yako ya mfupa yanakaa?” Shangazi alikuwa amebakiwa na manne. Tulicheka mpaka punje mbovu zikachanganyika na nzima, tukaanza upya.

Nikasema zamu ya maji ya familia yake iliporwa na watu wa juu, hakuna aliyewatetea. Nikasema aliondoka kwao bila kuagwa. Hilo la mwisho lilinitoka tu, wala sikulipanga, na nilipolisema mama aliacha kuchagua.

Baba akauliza, “Baba yake alikuwa wapi?”

“Alikuwepo,” nikasema. “Alikuwa amekasirika.”

Hakuuliza tena siku hiyo.

Ukurasa wa mwisho tuliufikia siku ya mawingu, kahawa tumeifunika kwa mikeka. Meno ya Shaba amepiga goti. Mkono ameunyoosha mbele, na mkononi ana kitu kirefu cha kijani kilichochongoka, kimejikunja katikati. Yule kijana wa angani amekunja ngumi, anashuka juu yake. Shangazi akasema, “Mwisho wake umefika, apigwe huyo.”

Baba alisimama, akaja, akaninyang'anya kitabu. Akakitazama kwa muda, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali.

“Lakini huyu ameshika isale,” akasema.

Tukainama wote. Kweli. Jani, na fundo lake.

“Ameshika isale, na huyu anampiga!” Baba alikuwa amekasirika kweli, mishipa ya shingo imemtoka. “Watu gani hawa? Hata kama ana meno ya shaba! Hata kama amekausha mlima mzima! Mtu mwenye isale hapigwi!”

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu aliyesoma aliutazama ukurasa ule, nilikuwa bado nao, akaniambia, “Bibi, hilo si jani. Ni upanga wa moto wa kijani. Alikuwa anataka kumchoma.” Nikamwambia anyamaze anywe chai yake.

Jumapili iliyofuata nilimkimbilia kaka njiani, nikamweleza maneno ya baba neno kwa neno.

“Alisema mwenyewe?”

“Mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mama na shangazi.”

“Kuhusu mtu wa karatasi.”

“Wewe si bora kuliko mtu wa karatasi. Nenda kamwite mjomba.”

Walikuja jioni ileile, mjomba mbele, kaka nyuma na isale mikononi. Alikuwa amevaa suruali ya jeshi, lakini alijificha nyuma ya mgongo wa mjomba, askari mzima aliyetoka Burma. Mbuzi walikuwepo pale uani, nawakumbuka. Mama alisimama mlangoni ameshika mwiko, wala hakuwa anapika.

Kaka akapiga goti, akalinyoosha jani. Baba alilichukua, akaligeuza, akalifungua fundo. Nikajua tumekwisha. Kumbe alikuwa analifunga tena.

“Huko jeshini hawakukufundisha fundo,” akasema. “Linafungwa hivi.” Akalichomeka kwenye paa, juu ya mlango.

Mjomba akashusha pumzi kama ng'ombe. Kaka alibaki amepiga goti, labda hakujua kama ameruhusiwa kuinuka. Baba akaketi kwenye gogo lake, akaanza kuchagua kahawa, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya, maana aliiita ya wanawake.

“Kule Burma,” akauliza, bado anatazama ungo, “watu kama yule wa shaba mliwaona?”

“Tuliwaona, baba,” kaka akajibu. “Wengine tulikuwa sisi.”

Baba akasogea, akampisha nafasi kwenye gogo.