Jina la Neeltgen Katika Kitabu cha Logi

Neeltgen Harmensdochter, binti wa mtengeneza viko vya tumbaku hapa mjini Gouda, alikokotoa logi kwa miaka sita: zile namba zinazogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, kila moja kwa tarakimu kumi. Alichotaka ni jina lake kwenye dibaji. Mpima ardhi Govert Pijl, mwenye kitabu, alimwahidi hivyo katika karakana ya uchapaji, mbele yangu mimi mpanga herufi.

Pijl alikuwa na utaratibu. Kila ukurasa ulikokotolewa na watu wawili, kila mmoja chumbani kwake. Majibu yakilingana, ukurasa unachapwa. Mtu wa pili alikuwa shemeji yake, Lubbert, mwenye mwandiko mzuri na ufunguo wa chumba cha Neeltgen. Majibu yao yalilingana ajabu. Pijl alisema hajawahi kuona vichwa viwili vikipatana vile, na kwa ndoa yake alikuwa na haki ya kushangaa.

Mwaka wa sita Neeltgen aligundua kwamba aliteleza katika kujumlisha, na namba arobaini zimeharibika. Akaziandika zote katika barua, akaileta mwenyewe.

"Bwana Pijl, ukurasa huu nimeukosea."

"Lubbert naye kapata hivyo hivyo, binti. Watu wawili hawawezi kukosea sawasawa."

"Wakiwa wawili kweli."

Lubbert, aliyekuwa anakula jibini dirishani, alisema kwa upole, "Pumzika, Neel. Wivu unakunja uso."

Pijl aliniangalia. Nami, niliyejua habari za ufunguo, niliangalia herufi zangu.

Dibaji ilimshukuru Lubbert na Mungu, kwa mpangilio huo. Neeltgen aliambiwa nafasi haikutosha. Ilibaki mistari tisa. Niliijaza kwa pambo la maua.

Mwaka uliofuata wapima ardhi, wakitumia kitabu hicho, walichimbisha mfereji kutoka pande mbili, na pande hizo hazikukutana. Malalamiko yalipofika, Pijl aliitoa ile barua, aliyokuwa ameitunza vizuri sana, akanipa ukurasa wa masahihisho nipange. Kichwa chake: *Makosa arobaini ya Neeltgen Harmensdochter, kwa kukiri kwake mwenyewe.*

Nilimpelekea Neeltgen nakala. Alisoma jina lake mara moja tu, kisha akapitisha kidole kwenye namba, moja baada ya moja.

"Ya kumi na saba bado ina kosa," akasema. "Hili la nani?"

"Langu. Niliteleza nikipanga."

"Basi nawe uandikwe."

Sikuandikwa. Ukurasa nilikuwa naupanga mwenyewe.