Sauti Iliyobaki kwenye Diski ya Majaribio

Haya yalitokea. Nayaandika kama yalivyokuwa, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, usije ukadhani napamba maneno. Mimi si msomi, niliishia kidato cha pili. Lakini masikio yangu ni mazima, na siku ile sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya ndizi.

Ilikuwa mwishoni mwa ile miaka ya wakimbizi huku Ngara, kambi zilipoanza kufungwa na malori kuwarudisha watu Burundi. Kwetu Ntobeye kanisa lilikuwa na chumba chenye kompyuta tatu kuukuu za msaada. Mimi nilishika funguo tu. Aliyezijua mashine ni Fideli, Mrundi wa kambini, aliyekuwa amesoma chuo mwaka mmoja kabla vita haijamkimbiza.

Rafiki yake aliyehamishiwa Ulaya alimtumia diski za mfumo wa kompyuta wa bure, ule ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia bila kulipa. Tena halikuwa toleo lililokamilika. Lilikuwa la majaribio, ambalo waliolitengeneza huligawa kwanza ili watu walijaribu na kuwaambia linakwama wapi. Unaingiza diski, kompyuta inawaka kwa diski hiyo hiyo, haigusi chochote kilichomo ndani ya mashine. Ukizima, ulichofanya chote kimepotea. Shika hapo, maana ndipo panaponisumbua mpaka leo. Diski ile ilikuwa haiandikiki. Haikuwa na pa kukumbukia.

Fideli alikuwa na sheria yake ya kazi. "Kosa likitokea mara moja, umeota," alikuwa akiniambia. "Mara mbili, una wasiwasi. Mara tatu, hapo tuwaandikie wenyewe." Kwa hiyo kila mashine ilipokwama tuliiwasha upya na kurudia yale yale, hatua kwa hatua, mpaka ikwame tena.

Jambo jingine unalopaswa kulijua ni mama yake. Walipotezana wakivuka mto Ruvubu. Waliovuka nao walisema maji yalimchukua. Fideli alikataa. "Mwili aliuona nani?" Lakini kurudi kumtafuta hakuthubutu, kwa sababu watu waliomwinda walikuwa bado wapo kijijini kwao. Alisema hapandi lori mpaka asikie kwa masikio yake kwamba mama yu hai. Nakumbuka alivyosema: kwa masikio yangu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa alasiri, mvua kubwa, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Fideli alikwenda kutafuta petroli ya jenereta, nami nikabaki najaribu sehemu ya kurekodi sauti. Nikainua macho, mama mmoja amesimama mlangoni, kitenge kimelowa chapachapa.

"Shikamoo mama."

Akajibu, "Mwaramutse." Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kirundi, na jioni ilikuwa inaingia. Niliona ajabu kidogo, basi. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Nikadhani anaona haya, nikamwambia kwa utani, "Njoo basi unisaidie kazi, mama. Sema chochote hapa, tuone kama mashine inasikia."

Akainama kwenye kipaza sauti, akaita, taratibu, kama anayemwita mtoto kutoka shambani: "Bukuru! Bukuru we, ngwino!" Ngwino ni njoo. Bukuru ndilo jina wanalompa pacha anayetangulia kuzaliwa.

Mashine ikaganda pale pale. Nikainama kubonyeza kitufe, nilipogeuka hayupo. Utaniuliza, je, aliacha nyayo? Siwezi kuapa. Sakafu nilikuwa nimeshailowesha mwenyewe kwa miguu yangu.

Fideli akaingia na dumu lake. "Umeshaua tena mashine, bwana funguo?"

"Haikufa kwangu. Ameiua mgeni wako wa Kirundi."

Nilipomweleza alicheka. Nilipolitaja lile jina aliacha kucheka. Niamini, tulifanya kazi pamoja muda mrefu, nami sikuwahi kujua kwamba Fideli alizaliwa pacha. Mwenzake alikufa angali mchanga, na jina hilo aliitwa na mama yake peke yake.

Alitoka mbio mpaka barabarani, akarudi kalowa. Hakuona mtu. Akaketi, akaiwasha kompyuta upya kwa diski ile ile. Akafungua pa kurekodia. Palikuwa patupu, kama ilivyopaswa kuwa. Akabonyeza pa kusikiliza.

"Bukuru we, ngwino!"

Sauti ilitoka mbali, na mvua nyuma yake. Akazima. Akawasha. Mara ya pili sauti ilikuwa karibu zaidi, kama ya mtu aliye uani. Labda spika zilikuwa zimepata moto, labda ni hofu yangu, sijui. Nikamshika mkono. "Fide, tuache. Huku kwetu mtu haitikii sauti kabla hajamwona anayeita."

"Kosa linathibitishwa mara tatu," akasema. Akazima, akawasha.

Mara ya tatu sauti ilikuwa ndani ya chumba. Naye akasimama, akaitika kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomwitikia mzazi: "Karame!"

Wiki iliyofuata alipanda lori. Nilimsihi, nikamkumbusha wale watu wa kijijini kwao. Akanijibu, "Yu hai, nimemsikia. Wewe ndiye shahidi wangu." Aliahidi kutuma salamu akifika. Hazijaja mpaka leo. Lazima niseme haki: huenda yu mzima na mama yake na ana watoto, na amenisahau tu. Wengi walirudi, wakakaa salama. Na yule mama huenda alikuwa mama wa kawaida, anamtafuta Bukuru wake mwingine. Mapacha ni wengi.

Ila baadaye niliiingiza diski ile peke yangu, mchana kweupe, kipaza sauti nimekichomoa. Nikabonyeza pa kusikiliza. Mama aliita, kwa mbali. Halafu, mbali zaidi yake, kwenye mlio kama wa maji mengi, nikasikia: "Karame!" Ilikuwa sauti ya Fideli.

Nilisikia mara moja tu. Kwa sheria yake mwenyewe, niliota. Ili nijue ningepaswa kuwasha tena, na tena, nami sijawasha. Diski ipo, nimeifunga kwenye kitambaa juu ya kabati. Mke wangu hulalamika kwamba akiniita kutoka jikoni siitiki mpaka nimwone uso, na majirani wanasema naringa. Waache waseme. Nawe ukisikia jina lako na anayeita humwoni, nyamaza. Hata kama ni sauti uliyoililia miaka yote, nyamaza kwanza, utazame mlangoni.