Nilimkalisha Chini Aliyeniambia Ukweli

Kosa ni langu, sitausingizia mtandao wala mashine. Jina langu naomba nilifiche, lakini aibu hii nimechoka kuibeba peke yangu.

Nilikuwa meneja wa mradi hapa Karatu. Tulitengeneza mfumo wa kuwatumia wafugaji wa tarafa ya Sale ujumbe wa simu: siku fulani, mahali fulani, leteni ng'ombe wapate chanjo ya homa ya mapafu.

Wiki moja kabla ya chanjo wakaja wafadhili. Nikawa naeleza, najisifu. Mara Elizabeti, binti aliyeutengeneza ule mfumo, akanyoosha mkono.

"Samahani bosi. Sale ujumbe haufiki. Mfumo unaonyesha umetumwa, ila nimewapigia watu kumi, hakuna aliyeupata."

Jamani! Nilijiona kama nimevuliwa nguo. Nimelelewa kwamba mkubwa hasahihishwi mbele za watu, tena na binti! Nikamwambia, "Kaa chini. Kwenu hamfundishwi adabu?"

Watu wakacheka. Kesho yake akaacha kazi.

Na mimi sikwenda Sale kuhakikisha! Kila nikiuliza, ofisi nzima inajibu, "Iko poa, bosi." Nikafurahi, mjinga mimi.

Siku ya chanjo wataalamu wa mifugo walisubiri mpaka jua likazama. Ng'ombe walioletwa walikuwa wa kuhesabika. Haukupita muda, homa yenyewe ikaingia.

Nikaenda Sale na dereva wetu. Mama mmoja mjane akatuingiza kwenye boma lake. Ng'ombe wote wamekwisha, wamebaki ndama wawili. Akatoa simu kwenye shuka.

"Hii nalala nayo," akasema. "Mbona hamkuniita?"



Wakati wa kurudi nikamuuliza dereva, "Ulijua ujumbe haufiki?"

"Wote tulijua, bosi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Hakunitazama. "Si tuliona ulivyomfanya Elizabeti?"

Nilimpigia Elizabeti nimwombe radhi. Nilijiandaa kutukanwa. Akapokea kwa sauti ya taratibu: "Shikamoo, bosi."

Mungu wangu! Hata kuitikia nilishindwa. Nikakata simu. Mpaka leo sijapiga tena.

Wewe unayeongoza watu, ukiona kila siku unaambiwa iko poa, ogopa! Kuna kitu wanakuficha, na wanakuficha kwa sababu yako. Waulize, tena kwa upole, kabla ng'ombe wa mtu hawajafa.