Kilele cha Pili

Pale maabara walimwita Kiguu na Njia, na yeye hakulikataa jina. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, ambaye kiti kwake kilikuwa mahali pa kuwekea mkoba. Makala alizisoma wima. Chai aliinywa akitembea, akaisahau juu ya friji ya sampuli, akaenda kupika nyingine. Wanafunzi wake walijua kwamba mwenye swali sharti afuatane naye koridoni, na korido ikiisha kabla ya jibu, mnageuka mnarudi.

Hata utafiti wake ulikuwa na miguu. Alianzia kwenye protini ya lenzi ya jicho, akitaka kujua kwa nini kitu kilichokuwa angavu utotoni kinaingia ukungu uzeeni na kuleta mtoto wa jicho. Jina lake lilipoanza kusikika, akaliacha jicho, akahamia kwenye protini zinazogandisha damu. Huko nako hakukaa. Profesa aliyekuwa mkuu wake wakati huo alimwambia, "Mwenzetu unachimba visima, ukiona tope tu unahama. Maji utayaona lini?" Alicheka, lakini neno lilimkaa rohoni.

Kilichomfunga mahali pamoja kilikuwa kifo cha shangazi yake. Shangazi alianza kulalamika kwamba nyayo zinamwaka moto. Akawa anashinda mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji, anapokea wageni hapo hapo na kuwatania, "Karibuni, mimi samaki." Akapimwa sukari, hana. Akapewa vidonge vya hili na lile. Miguu ikafa ganzi, baadaye moyo ukachoka, wakamzika bila kujua nini kimemwondoa.

Kiguu na Njia alilibeba swali hilo mpaka likamfikisha kwenye protini moja inayotengenezwa na ini. Kazi yake ni uchukuzi: inabeba homoni na vitamini ndani ya damu. Ni vipande vinne vilivyoshikana kama watu wanne waliobeba kabati. Katika baadhi ya koo, kosa dogo la kurithi hubadilisha kiungo kimoja tu cha protini hiyo, mshiko unalegea, vipande vinaachana, vinajikunja vibaya na kugandana nyuzi nyuzi kwenye mishipa ya fahamu na kwenye moyo. Hapo akapiga kambi. Alitaka kujua ni nini hasa kinachowaachanisha hao wachukuzi wanne, na nini kingeweza kuwashikilia.

Miaka ikaenda. Akaolewa, akazaa binti mmoja, akaachana na mumewe bila ugomvi. Mume alisema amechoka kuoa upepo. Kazi ikakua. Madaktari wa mishipa ya fahamu wakawa wanampelekea damu za wagonjwa wao. Mara moja moja mtu alimuuliza, "Na wewe mwenyewe umepima?" Naye jibu lilikuwa mdomoni: "Baba yangu alikuwa mzima kama chuma."

Ni kweli baba alikuwa mzima. Lakini baba aligongwa na lori akiwa bado kijana, na ugonjwa huu huja mtu akishaanza kuota mvi. Mwanafunzi angeandika hoja kama hiyo, Kiguu na Njia angemrudishia karatasi kabla ya mwisho wa ukurasa. Mganga hajigangi. Ilipohitajika damu ya wazima, watu wasio na ugonjwa huo, ya kulinganishia na ya wagonjwa, wafanyakazi wote walitoa, naye akatoa. Mkuu wa maabara angekataaje? Angesema anaogopa nini?

Damu hizo zilichanganywa pamoja, na kwa muda mrefu zilimsumbua. Protini ya wazima wake ilikuwa ikiachana mapema kidogo kuliko walivyoripoti watafiti wa kwingine. Alilaumu kemikali. Alilaumu umeme. Alibadilisha maji, mirija, hata rafu.

Ndipo ikaja mashine mpya inayopima uzito wa molekuli, na pamoja nayo mtaalamu wake, mtu mpole ambaye watu walimpachika jina la Mzani kabla hajamaliza kufungua maboksi. Ili kuijaribu, Mzani alichukua damu za wafanyakazi moja moja, zilizobaki kwenye vichupa bila kuchanganywa. Asubuhi moja akaita, "Daktari, hebu njoo uone. Nahisi nimeichafua mashine hata haijazoea nyumba."

Kwenye grafu ya kompyuta, palipotakiwa kilele kimoja kilichosimama kama mlingoti, palikuwa na viwili vimebanana. Kiguu na Njia hakuhitaji kukokotoa. Pengo lile kati ya kilele na kilele, alama ya protini yenye kosa, alilijua kama anavyojua sauti ya mwanawe.

"Hii ni ya mgonjwa gani?" aliuliza.

"Siyo ya mgonjwa. Ni katika zile zetu."

Akakichukua kichupa. Lebo ilikuwa na mwandiko uliolala upande, wa mtu anayeandika huku anaondoka. Mzani naye aliutazama mwandiko, kisha akautazama uso, kisha akaangalia dirishani.

"Huenda imechafuka," alisema.

"Toa nyingine," alisema Kiguu na Njia, na mkono wa koti lake tayari umekunjwa. "Sasa hivi."

Damu mbichi ilileta vilele vile vile.

Akatoka hata hajavua koti la maabara, akaenda moja kwa moja kwenye duka la mdogo wake, fundi cherehani, ambaye mwezi mzima alikuwa analalamika mguu wa kulia umekufa ganzi. Alimkuta ameinamia suruali, pini mdomoni.

"Leo umekuja kukaa au kupita?" mdogo wake alimtania.

"Mguu wako vipi?"

"Upo. Nikiukanyagisha pedeli siusikii, naambiwa na cherehani tu kwamba nimekanyaga."

Akamweleza yote pale pale, kati ya vitambaa, haraka, kama anayemwaga maji ya moto yasimuunguze mikono. Mdogo wake alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake.

"Kwa hiyo nina ugonjwa wa shangazi."

"Sijasema hivyo. Ninao mimi. Wewe huenda unao, huenda huna."

"Dada, na kazi yako yote hiyo, hukuwahi kujipima?"

Dada alianza kukikunja kitambaa kilichokuwa mezani. "Mficha maradhi," alianza mdogo wake, akaona uso wa dada yake, akaacha methali njiani.

Hakutaka kumpima mdogo wake kwa mkono wake. Walikwenda wote wawili kwa daktari wa mishipa ya fahamu, wakapimwa, wakaambiwa wasubiri. Kusubiri huko kulimtoa roho. Aligombana na Mzani kwa sababu ya kelele za mashine. Alihamisha meza za maabara, akazirudisha. Nyumbani aliosha mapazia yaliyokuwa safi. Usingizini alishikana na watu wasio na nyuso, wamebeba kabati, na mmoja wao anaachia.

Majibu ya mdogo wake yalikuja kwanza: hana. Ganzi ya mguu ilitokana na mshipa uliobanwa mgongoni, zawadi ya miaka ya kuinamia cherehani. Mdogo wake alisimama, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za hospitali akalia. Dada alipomfuata, alisema, "Nimefurahi, halafu nikaona haya kufurahi. Sasa sijui nilie kilio cha furaha au cha haya."

"Lia vyote," alimjibu. "Mimi sina nafasi."

Ya kwake yalithibitisha alichokwisha kuona. Moyo ulikuwa umeanza kunenepa ukuta wake, kidogo. Daktari alimuuliza kama nyayo zinamwaka. "Nitajuaje?" alisema. "Hazijawahi kutulia nikazisikiliza." Daktari alicheka, kisha akaona kwamba mgonjwa hacheki. Dawa ya kuishikilia protini isiachane ilikuwepo sasa, na yeye mwenyewe alikuwa ameandika juu yake. Akaanza kuimeza siku hiyo hiyo, akiwa amesimama kwenye dirisha la dawa.

Kisha akawakusanya watu wake maabara, akawaambia kwamba damu yao ya wazima ilikuwa na mgonjwa ndani yake, na mgonjwa ni yeye. Vipimo vyote vilivyoegemea damu ile vitarudiwa, na makala mbili zitasahihishwa. Kusimamia marudio hayo alimwachia mwenzake, kwa sababu mtu hawi hakimu wa damu yake. Mzani akauliza waanze na vipimo vipi. Vipimo viliporudiwa bila damu yake, tofauti iliyomtesa miaka yote ikayeyuka. Wazima wakawa wazima.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Binti yake, mhandisi wa barabara, alikuja Jumapili wakapika pamoja. Mama alimwambia huku wanaosha vyombo, macho kwenye povu.

"Uwezekano wa kurithi ni nusu kwa nusu?" binti aliuliza.

"Nusu kwa nusu. Ukitaka, kesho naweza—"

"Mama, subiri. Sitapima."

"Hutapima mpaka lini?"

"Sijui. Siyo mwaka huu. Naogopa, ndiyo, lakini siyo woga tu. Kwa umri wangu bado hakuna cha kutibu. Nataka kuishi kwanza kidogo bila hilo jibu kukaa mezani nami."

Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwinda majibu alichukua kitambaa cha kufutia vyombo. Sababu za kupinga alikuwa nazo tele. Akafuta sahani moja mpaka ikalia.

Tangu hapo binti huja Jumapili kama kawaida. Mama hamuulizi. Anamkagua tu akivua viatu, akipanda ngazi, akinyanyua sufuria.

"Mama," binti alimwambia juzi, bila hasira, "usiniulize kwa macho."

"Siulizi," alisema, akatoka uani kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.